Msafiri Aliyeziba Masikio Yake

Katika nyumba za Wakristo wa Kasulu na Kibondo vitabu si vingi. Utakuta Biblia, kitabu cha nyimbo, na madaftari ya watoto wa shule. Walakini kipo kitabu kimoja ambacho hata mtu asiyekuwa nacho amekwisha kusikia habari zake kanisani, maana wahubiri hupenda kutoa mifano yao humo. Kitabu hicho ni Safari ya Msafiri, kilichotungwa na Mwingereza John Bunyan. Katika Afrika kimetafsiriwa kwa lugha karibu 80, na Kiswahili ni mojawapo.

Twataka leo kukipima kitabu hiki kama mnunuzi apimavyo maharage sokoni: hutia mkono mpaka chini ya gunia, huyaangalia, ndipo aseme bei. Hatupendi kukisifu kwa kuwa ni cha dini tu, wala kukitupa kwa kuwa ni cha kale na cha watu wa mbali. Swali letu ni hili: kitabu hiki chatufundisha vema namna ya kumtii Mungu na kujiweka tayari kwa maisha yajayo, au chaweza kutupoteza njia? Nalo si swali la wasomi peke yao, maana katika nchi zilizo jirani yetu watu wamekufa kwa kulijibu vibaya. Majina ya watu waliomo katika hadithi twayataja kwa maana yake, ili msomaji asiye na kitabu naye apate kufuata.

Kwanza yafaa tumjue mtungaji. John Bunyan alizaliwa mwaka 1628 katika kijiji cha Elstow, karibu na mji wa Bedford. Baba yake alikuwa fundi wa kuziba masufuria na vyombo vilivyotoboka, na mwana akaifuata kazi ile ile. Shuleni alisoma kidogo tu. Alipookoka alianza kuhubiri, naye hakuwa na ruhusa ya serikali. Kwa hiyo mwaka 1660 alikamatwa, akatiwa gerezani Bedford, akakaa humo miaka ipatayo 12, hata mwaka 1672. Angalikubali kuacha kuhubiri angalifunguliwa mara moja, hakukubali. Sehemu ya kwanza ya kitabu chake ilipigwa chapa mwaka 1678, na sehemu ya pili mwaka 1684. Neno hili la sehemu mbili msomaji alishike, maana hoja yetu yote itasimama juu yake. Wengi wetu twajua ya kwanza tu.

Hadithi ya sehemu ya kwanza ni hii. Mtu aliyevaa matambara amesimama, kitabu mkononi na mzigo mzito mgongoni. Amesoma katika kile kitabu kwamba mji wake utaangamizwa kwa moto. Mwinjilisti amwonyesha njia ya kuendea mlango mwembamba. Yule mtu, aitwaye Mkristo, atoka mbio. Apita bwawa la matope, afika penye msalaba, na hapo mzigo wake wafunguka, waporomoka, waingia kaburini, haonekani tena. Apewa hati yenye muhuri, ya kuonyesha penye lango la mbinguni. Kisha apanda kilima kigumu, apigana na adui bondeni, apita soko la ubatili ambako mwenzake Mwaminifu auawa, afungwa katika ngome ya Jitu la Kukata Tamaa, na mwisho afika kwenye mto usio na daraja. Huko ng'ambo ndiko uliko mji wa Mungu.

Uzuri wa sehemu hii hauna haja ya kutetewa sana mbele ya watu wa Buha. Sisi twajua maana ya mzigo. Wazee wetu walichukua chumvi ya Uvinza kwa kichwa na bega, siku nyingi za njia. Na mwaka 1972, tena 1993, tena 2015, tuliona kwa macho yetu au tulisimuliwa na wazazi wetu habari za watu wa Burundi walivyovuka mpaka kuingia Kibondo na Kasulu, mwenye sufuria na sufuria, mwenye mtoto na mtoto. Mwaka 1996 wakaja na watu wa Kongo, wakawekwa Nyarugusu. Mtu aliyeona hayo hahitaji mwalimu wa kumweleza mtu akimbiaye mji utakaoteketea. Wala habari ya mto si ngeni kwetu, tunaoijua Malagarasi wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Bunyan asema kwamba mto wa mauti nao huwa na kina kirefu au kifupi, kwa kadiri ya imani ya avukaye. Mkristo mwenyewe, baada ya mashindano yote, alianza kuzama, na mwenzake Mwenye Tumaini akakishika kichwa chake kisifunikwe na maji. Hilo ni neno la kweli, limesemwa na mtu aliyepata kukaa karibu na wanaokufa. Halimdanganyi mzee kwamba kufa ni rahisi, wala halimwambii kwamba akiogopa amepotea.

Na juu ya utii pia sehemu hii yasema kweli. Utii una gharama. Mtu hawezi kumtii Mungu na huku akingoja kijiji kizima kimpe ruhusa. Wako waliotakiwa kuacha matambiko, au pombe, au rushwa, au mke wa pili, wakasema, "Ngoja kwanza nione wenzangu watasemaje," wakangoja hata wakazikwa. Kitabu hiki chawaondolea watu wa namna hiyo visingizio vyao vyote, nasi twafurahi.

Walakini lipo jambo moja mwanzoni mwa hadithi ambalo wasikiaji wetu, hasa akina mama, hawaliachi lipite. Mkristo alipoanza kukimbia, mke wake na watoto wake waliona, wakamlilia arudi. Naye alitia vidole masikioni, akazidi kukimbia, asitazame nyuma. Mama asikiapo hayo huuliza, "Na yule mke alibaki anakula nini?" Wako wahubiri wanaolicheka swali hilo, wakisema kwamba ni la mwili. Sisi twaona kwamba ni swali la haki, na katika nchi yetu ni swali la historia.

Tangu miaka ya 1920 hata ya 1950 wanaume wengi wa Buha walikwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa ajili ya namba walizoandikiwa. Walikwenda kwa miguu hata penye reli, wakapanda gari moshi, nao wengi walirudi na fedha ya kodi na nguo. Wengine hawakurudi. Katika koo nyingi za Kasulu na Kibondo yuko babu mmoja ambaye jina lake latajwa na kaburi lake halijulikani, na yuko bibi aliyelima peke yake na kulea peke yake. Siku hizi vijana huenda Kahama, na Geita, na Dar es Salaam, na habari ni zile zile. Basi mwanamke wa Buha asikiapo kwamba mtu mtakatifu aliziba masikio asisikie kilio cha watoto wake, hamfikirii Mwingereza wa zamani. Amfikiria mtu anayemjua.

Tena kuna jambo baya zaidi. Mafundisho ya kuacha vyote yakitengwa na mafundisho mengine, huwa silaha mkononi mwa watu waovu. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi ya Uganda, mamia ya watu waliteketea kwa moto ndani ya nyumba yao ya ibada. Kundi lao lilijiita la kurudisha Amri Kumi za Mungu. Yaani jina lao lenyewe lilikuwa la utii. Wengi walikuwa wamekwisha kuuza mali zao, wakijiweka tayari kwa mwisho wa dunia. Na mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, jimbo la Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wengi wa hao walikuwa wamefunga kula, wao na watoto wao, wakitumaini kumwona Bwana Yesu kwa njia hiyo. Wako ndugu waliowafuata wakiwalilia warudi. Wao waliziba masikio.

Je, twaweza kusema kwamba watu wale walikosa imani, au kwamba hawakuwaza habari za mbinguni? Waliwaza sana. Basi kuwaza mbinguni peke yake hakumwokoi mtu, wala si kila kuondoka nyumbani ni utii. Yatupasa tumwulize John Bunyan: msafiri wako ana tofauti gani na wale wa Shakahola?

Tukimsoma kwa uangalifu, twakuta kwamba amejibu, naye amejibu mara tatu.

Jibu la kwanza liko kabla ya mbio. Mkristo hakuondoka siku aliyoanza kuogopa. Alirudi kwanza kwake, akajizuia asiwahuzunishe watu wake, hata asiweze tena, akawaambia wote, mke na watoto, akiwasihi. Wao walidhani akili yake imeharibika, wakamlaza kitandani, wakitumaini kwamba usingizi utamponya. Asubuhi akasema tena. Wakamkemea, wakamdharau. Naye alijitenga chumbani akiwaombea. Wahubiri wetu huliruka jambo hili ili wafike upesi penye mbio.

Jibu la pili liko katika nyumba iitwayo Nzuri, ambako wasafiri hupumzika. Humo mna wanawake wenye hekima, na mmoja wao aitwa Upendo. Huyo amwuliza Mkristo swali lile lile la akina mama wa Buha: una mke na watoto, mbona hukuja nao? Mkristo alia. Upendo hamwachi kwa sababu ya machozi. Amwuliza kama aliwaambia hatari iliyopo, kama aliwaombea, na mwisho, kama mwenendo wake mwenyewe haukuyaharibu maneno yake. Hapo twaona kwamba mtungaji hakulisahau swali. Alimwekea msafiri wake hakimu, na hakimu huyo jina lake ni Upendo. Kila mtu asemaye, "Nimeacha nyumba yangu kwa ajili ya Bwana," hana budi kusimama mbele ya maswali hayo matatu. Wengi wangeanguka katika la tatu.

Jibu la tatu ni la viongozi wa njia. Mwinjilisti alimwonyesha Mkristo njia, akamwacha aende kwenye mlango, hakumwambia, "Njoo ukae kwangu, niletee mali yako." Lakini karibu na mwisho wa safari atokea mtu mwingine, Mwenye Maneno Matamu, aliyevaa vazi jeupe. Awaambia Mkristo na Mwenye Tumaini wamfuate, nao wamfuata, kwa kuwa asema kwamba naye aenda mji ule ule. Awageuza kidogo kidogo, hata nyuso zao zikauelekea upande usio wa mji, na mara wajikuta ndani ya wavu. Kosa lao lilikuwa nini? Wachungaji walikuwa wamewapa maandishi ya kuwaonyesha njia, nao hawakuyasoma. Watu wa Kanungu na wa Shakahola wangalihitaji sana ukurasa huo. Kiongozi wa kweli humpeleka mtu kwenye Neno la Mungu na kumwacha alisome. Kiongozi wa uongo humpeleka mtu kwake mwenyewe.

Hapa twalaumu jambo moja. Bunyan asema kwamba yule mwenye vazi jeupe mwili wake ulikuwa mweusi. Najua wako watakaotuambia kwamba weusi huo ni mfano wa dhambi tu. Na iwe hivyo. Lakini mtoto wa Kibondo asomaye hajui mifano ya Waingereza, yeye huona rangi ya baba yake. Mwalimu asomapo mahali hapo na aseme wazi kwamba ngozi ya mtu si alama ya uongo wala ya ukweli, kisha aendelee. Kadhalika Bunyan amemfanya Papa wa Rumi kuwa jitu zee likaalo mlangoni pa pango, likiwakenulia meno wasafiri. Hayo ni magomvi ya Uingereza ya miaka 350 iliyopita. Sisi tunaotibiwa katika hospitali ya misheni ya Kabanga, na kuoleana, na kuzikana na jirani zetu Wakatoliki, hatuna faida ya kuyarithi.

Lipo na neno gumu kuliko hayo, nalo ni la Ujinga. Huyu ni kijana aliyeingia njiani kwa kichochoro, hakupita mlangoni. Afika kwenye mto, avushwa kwa mashua na mtu aitwaye Tumaini la Bure, apanda mpaka langoni, aulizwa hati yake, apapasa kifuani, hana. Afungwa mikono na miguu, atiwa katika mlango ulio ubavuni mwa kilima. Mtungaji ashangaa kuona kwamba iko njia ya kwenda upotevuni hata kutoka penye lango la mbinguni.

Wasomaji wengi wa kwetu husikia jina la Ujinga, mara moyo wao huwarudia babu zao, waliokufa kabla Injili haijafika Buha. Walimwita Mungu kwa jina la Imana, wala hawakupata kuona Biblia. Je, ndio hao waliofungwa mikono na miguu? Tumesikia vijana wakisema hivyo mbele ya wazee, kwa majivuno, na wazee wakaondoka kanisani wasirudi.

Basi yatupasa kusema wazi: kitabu hakisemi hivyo. Kwa Kiswahili mjinga ni mtu asiyejua, naye hana aibu, maana aweza kufundishwa. Ndiyo sababu twasema kuuliza si ujinga. Mpumbavu ni yule aliyeambiwa akakataa. Kijana wa Bunyan aliambiwa. Mkristo na mwenzake walisema naye njiani mara mbili, wakamweleza, naye akajibu kwamba moyo wake mwenyewe wamtosha. Tena nchi aliyotoka yaitwa Majivuno. Kwa hiyo, kama twataka kumwita kwa Kiswahili safi, tungemwita Kiburi cha Asiyetaka Kufundishwa. Mfano huu haukuandikwa kwa ajili ya babu yetu aliyekufa asipate kusikia. Umeandikwa kwa ajili yetu sisi tuliobatizwa tukiwa watoto, tukajua nyimbo zote, tukadhani kwamba kuijua njia na kuifuata ni jambo moja. Juu ya mababu, Mtume Paulo ameandika katika sura ya pili ya Warumi habari za mataifa wasio na sheria, ambao sheria imeandikwa mioyoni mwao, na hakimu wao ni Mungu. Hatuna haki ya kukaa katika kiti hicho.

Sasa twafika penye sehemu ya pili, ambayo kwa maoni yetu ndiyo dawa ya sehemu ya kwanza. Mkristo amekwisha kuvuka mto. Mke wake, Kristiana, akumbuka jinsi alivyomfanyia, ajuta, apata barua ya Mfalme kumwita. Aondoka na wana wake wanne, na jirani yake aitwaye Rehema. Msomaji na aangalie: njia ni ile ile, kilima ni kile kile, mabonde ni yale yale, lakini namna ya kwenda si ile. Mkristo alikwenda mbio peke yake, kisha na mwenzi mmoja. Kristiana aenda na watoto wanaochoka. Wapewa kiongozi aitwaye Moyo Mkuu, mwenye upanga na ngao. Penye kilima mtoto mdogo alia kwa kuchoka, nao wapumzika. Wavulana wakua njiani, waoa njiani.

Na kundi lazidi kuwa kubwa. Ajiunga nao Mchechemeaji, aendaye kwa magongo. Ajiunga Moyo Dhaifu, ambaye ataka kubaki nyuma kwa kuwa aona atawachelewesha. Moyo Mkuu amjibu kwamba yeye amewekwa kwa kazi hiyo, kuwasaidia walio dhaifu, nao watamngoja. Wafika penye ngome ya Jitu la Kukata Tamaa, ambako Mkristo aliponea chupuchupu. Kristiana na wenzake hawapiti tu: Moyo Mkuu na wanaume wa kundi wamwua yule jitu, wabomoa ngome, wamtoa mzee aliyefungwa humo pamoja na binti yake. Katika sehemu ya kwanza mtu aliokoka katika ngome. Katika sehemu ya pili ngome yenyewe yaondolewa, ili ajaye nyuma asifungwe.

Twasimuliwa pia habari za Mwenye Hofu, aliyelala zaidi ya mwezi mzima kando ya bwawa la matope akiogopa kuvuka. Huyo alikuwa mzigo kwa kila mtu. Hata alipofika kwenye mto wa mauti, maji yalikuwa yamepungua kuliko yalivyopata kuonekana, akavuka miguu yake ikilowa tu. Sisi twamjua Mwenye Hofu. Yuko katika kila kanisa: mzee au mama ambaye kila juma auliza kama dhambi zake zimesamehewa kweli. Watu humchoka. Bunyan atuonya tusimchoke, kwa kuwa Mfalme mwenyewe amempunguzia maji.

Na mwisho, Kristiana avuka, bali wana wake na wake zao wabaki ng'ambo hii, ili kanisa la mahali pale liongezeke. Hapo kitabu chasema waziwazi neno ambalo sehemu ya kwanza haikulisema: kubaki pia ni utii, mtu akibaki kwa amri ya Mungu na kwa kazi yake.

Basi sehemu hizi mbili zapingana? Hatuoni hivyo. Tazama sura ya 25 ya Mathayo, ambayo yote ni ya kujiweka tayari. Mwanzo wa sura wako wanawali kumi, na mafuta ya mmoja hayakuweza kumfaa mwingine. Hiyo ndiyo sehemu ya kwanza ya kitabu chetu: imani ya mume haimvushi mke, wala ubatizo wa baba haumvushi mwana. Mwisho wa sura Mfalme awatenga kondoo na mbuzi, naye hawaulizi walikimbia upesi namna gani. Awakumbusha wenye njaa, na wagonjwa, na wageni, na wafungwa. Hiyo ndiyo sehemu ya pili. Bwana wetu aliyaweka yote mawili katika sura moja. Anayehubiri taa bila wenye njaa atapata watu kama wale wa Shakahola. Anayehubiri wenye njaa bila taa atapata watu wema walioishiwa na mafuta usiku.

Hukumu yetu ni hii. Safari ya Msafiri ni kitabu chema, na nyumba ya Mkristo yafaa iwe nacho. Ila sehemu ya kwanza isisomwe peke yake. Mwalimu asomeaye watu jioni na asome zote mbili, hata kama itachukua masika yote. Penye vidole masikioni asipite upesi. Awaache akina mama waulize, kisha awasomee maswali ya Upendo. Penye Ujinga aeleze maana ya jina, kabla kijana hajamtukana babu yake. Na kijana anayesema kwamba ameitwa kuacha nyumba kwa ajili ya Injili, wazee wa kanisa wamwulize kwanza ni nani atakayemlimia mama yake. Kama ameitwa kweli, swali hilo halitamzuia. Litamfundisha kwenda vizuri.

Hata John Bunyan mwenyewe alikwenda hivyo. Alipokuwa gerezani alikuwa na mke, na watoto wanne, na mmoja wao, binti yake Mary, alikuwa kipofu. Kuachana na huyo kulimwuma kuliko yote, naye ameyaandika hayo katika kitabu kingine cha habari za maisha yake. Walakini hakuziba masikio. Alikaa gerezani akisokota kamba za viatu, maelfu kwa maelfu, zikauzwa, watoto wakala. Mke wake Elizabeth alikwenda mbele ya mahakimu mwaka 1661 kumtetea. Utii wake kwa Mungu ulimfunga, lakini haukumfanya kuwa baba aliyepotea.

Na mwaka 1688, akiwa na umri wa miaka 59, alipanda farasi kwenda mji wa Reading kupatanisha baba na mwanawe waliokosana. Akawapatanisha. Kutoka huko alikwenda London katika mvua, akalowa, akashikwa na homa, akafa tarehe 31 Agosti. Wasomaji wetu, hiyo ndiyo safari yake ya mwisho kabla ya mto. Aliyeandika juu ya mtu aliyekimbia nyumba yake alikutwa na mauti akitoka kumrudisha mwana kwa baba yake. Kama yuko mtu katika kijiji chenu asiyesema na baba yake, au na mwanawe, asingoje kumaliza kitabu.